Mzee Shamte na Koki ya Bata Maji

Nchi ninayotaka kuwasimulia iko mbali, na kwa kuwa iko mbali hakuna haja ya mtu yeyote hapa kuanza kunikonyeza. Nimeshaulizwa mara nyingi kama nchi hiyo ni fulani au fulani. Siyo. Nchi hiyo ina bendera yake, wimbo wake na waziri wake wa koki, na sisi hatuna waziri wa koki. Kama tunaye, basi mimi sijaambiwa.

Katika nchi hiyo maji yalikuwa hayatoki bombani. Watu walishazoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Walichota visimani, walikinga mvua, walinunua kwenye mikokoteni, na maisha yakaendelea. Serikali nayo haikukaa bure. Kila mwaka ilitangaza kwamba maji yako njiani. Njia gani, hakuna aliyeuliza, kwa sababu kuuliza kulihesabiwa kuwa ni kuyachelewesha.

Ikatokea Mtukufu Kiongozi akasafiri kwenda nchi tajiri kutibiwa goti. Kule hotelini akaingia bafuni kunawa, akazungusha koki, maji yakatoka. Akafunga. Akafungua tena, yakatoka tena. Wasaidizi wake wanasema alikaa mle bafuni mpaka chakula kikapoa, anafungua na kufunga, anafungua na kufunga. Aliporudi nyumbani hakusubiri hata kufika ikulu. Alilihutubia taifa palepale uwanja wa ndege.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka yote hii tumeyaonea maji. Tumeyalaumu, tumeyasubiri, tumeyaundia tume. Kumbe maji hayana kosa. Nimejionea kwa macho yangu haya mawili. Wenzetu wana koki nzuri, na maji, kwa hulka yake, hupenda kwenda penye koki nzuri. Sisi koki zetu ni mbaya. Maji yenye heshima yake yaje yafuate nini?"

Watu walipiga makofi sana. Hata wewe ungepiga, maana askari walikuwa wanaangalia mikono.

Ndipo ikaundwa Wizara ya Koki na Ustawi wa Bafu. Ikapita sheria kwamba kila nyumba ivunje bafu lake la zamani, ijenge jipya lenye marumaru ukutani, na mwenye nyumba aende mwenyewe Jumba la Koki kuchagua koki atakayoipenda. Maana nchi ile, msije mkaidhania vibaya, ilikuwa nchi huru. Mtu alikuwa na uhuru kamili wa kuchagua koki. Uhuru wa kutochagua ndio haukuwepo.

* * *

Sasa nimlete mwenyewe. Mzee Shamte alikuwa mstaafu wa reli. Maisha yake yote alifanya kazi moja, kutangaza kwenye kipaza sauti cha stesheni kwamba treni imechelewa, na aliifanya vizuri mno, hata watu wakawa wanakuja stesheni kusikiliza sauti yake tu, kwa kuwa treni zenyewe zilishakufa zamani. Mkewe, Bi Zaituni, alikuwa ametangulia mbele ya haki. Watoto hawakujaliwa. Nyumba ikabaki na vyumba vitatu na mtu mmoja.

Nisiwafiche, mzee huyu alikuwa mpweke. Hakuwa mpweke wa kulia. Upweke wake ulikuwa wa kupika wali na kusahau kwamba sasa sufuria ndogo inatosha, wa kusoma gazeti kwa sauti halafu kuinua macho aone nani amecheka. Majirani zake walikuwa watu wema, walimwitikia salamu, lakini salamu ikishaitikiwa imekwisha. Zilikuwepo siku jua lilimzamia hajatamka neno lolote tangu alfajiri, akakohoa kwa makusudi ili ajue kama sauti bado ipo.

Fundi wa wizara alikuja asubuhi, akavunja bafu, akabandika marumaru nyeupe, akaacha tundu ukutani juu ya beseni la kunawia, akaaga. "Tundu hilo ni la koki, mzee," alisema. "Ukishachagua, nitarudi kuifunga." Mzee Shamte akawa anaogea uani kwa ndoo na kopo, huku bafu jipya linang'aa ndani bila kazi.

Kesho yake akavaa shati lake la kutokea, akaenda Jumba la Koki.

Mlangoni palikuwa na karani wa kike mwenye sauti ya upole. Akamtazama mzee, akatazama nyuma yake, halafu akatazama kushoto na kulia kwake.

"Shikamoo, mzee. Mwenzako yuko wapi?"

"Marahaba. Mke wangu ni marehemu."

"Pole sana, mzee wangu. Na mwingine?"

"Mwingine nani?"

"Basi huwezi kuchagua," karani alisema kwa huzuni ya kweli. "Sheria inataka watu wawili."

"Lakini binti yangu, bafu ni langu. Anayeoga ni mimi peke yangu."

"Hapo ndipo penye tatizo. Mtu aliye peke yake anachagua tu, hakuna wa kumpinga. Koki ikija kuharibika, serikali itamwambia nani kwamba si tulikwambia?"

Hapa inabidi niwaeleze desturi ya watu wale, maana mgeni hawezi kuijua. Katika nchi ile hakijawahi kuingia nyumbani kitanda, pazia wala sufuria ambayo mke na mume hawakuigombania kwanza dukani, mbele ya muuzaji. Mume akisema kijani, mke anasema bluu. Mke akisema kubwa, mume anasema tutaiweka wapi. Huko ndiko kununua. Wakikubaliana upesi, muuzaji anaingiwa na wasiwasi, anaanza kujiuliza hawa watu wanatoroka nini. Wataalamu wa wizara walipita nyumba kwa nyumba wakaichunguza desturi hiyo, wakaona ni nzuri, wakaitia katika sheria. Koki haitolewi mpaka wachaguaji wawe wamebishana vya kutosha na Msikilizaji Mkuu ameridhika.

Na kwa wajane, wagane, waseja na waliosusiwa, wizara haikuwatupa. Iliwaajiri wenza wa serikali.

* * *

Ndani ya Jumba la Koki palikuwa na meza nyingi, kila meza na viti viwili, na koki zimepangwa ukutani juu ya mbao, hazijaunganishwa na chochote. Kelele zake zilikuwa za soko. Huku mume anapiga meza, kule mke anaita wazazi wake washuhudie. Kijana mmoja na mchumba wake walikuwa wanarudishwa mlangoni kwa sababu kila koki waliyoonyeshwa walisema ni nzuri. Waliambiwa wakaishi kwanza pamoja, warudi wakiwa tayari.

Juu ya yote, nyuma ya dirisha dogo, alikaa Msikilizaji Mkuu, Bwana Mkadamu. Alikuwa na masikio makubwa, na wapo waliosema ndiyo yaliyompa cheo. Mimi siamini uvumi.

Mwenza aliyepewa Mzee Shamte aliitwa Bi Mwanakombo. Mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni, sweta la wizara juu ya gauni, na mkononi kijitabu cha mwongozo. Alisalimu kwa adabu, akakaa.

"Mimi ndiye mwenzako mpaka koki ipatikane," alisema. "Chagua yoyote uipendayo, halafu mimi nitaikataa."

Mzee akatazama ukutani. Akaonyesha koki moja ya kawaida, ndogo, ya chuma cheupe, yenye mpini wa kuzungusha. "Ile."

Bi Mwanakombo akapekua kijitabu. "Ukichagua ya kawaida, mimi natakiwa nitake ya fahari. Basi mimi nataka ile pale." Ile pale ilikuwa koki ya rangi ya dhahabu, kubwa, yenye shingo na kichwa cha bata maji. Maji, kama yangekuwepo, yangetokea mdomoni. Akavaa miwani, akasoma bila kuinua uso: "Wewe bwana, tangu unioe hujawahi kunisikiliza hata siku moja."

Mzee Shamte akaduwaa. Maneno hayohayo Bi Zaituni aliwahi kumwambia dukani, wakigombea pazia. Wataalamu wa wizara walikuwa wameyaokota katika nyumba za watu na kuyachapisha, na huenda hata kwake walipita. Aliyasikia sasa kwa sauti nyingine, yamenyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi, na bado yalimgusa mahali.

"Unatakiwa ujibu, mzee," Bi Mwanakombo alimnong'oneza. "Ukinyamaza wanahesabu kwamba umesusa."

"Nijibu nini?"

"Lolote. Wanaume wengi husema, kelele zako za nyumbani zinanimaliza."

"Siwezi kusema hivyo," alijibu mzee. "Nyumbani kwangu hakuna kelele."

Bi Mwanakombo akavua miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza. Halafu akasema polepole, na hayo hayakuwemo kijitabuni: "Basi sema la kwako."

Mzee akajikuna kidevu. "Bata maji," alianza, "bata maji wa nini bafuni? Mtu unanawa uso asubuhi, unainua kichwa, unakutana na ndege anakutazama. Hiyo ni koki au ni mgeni?"

"Ni urembo."

"Urembo wa kumtapikia mtu mikononi."

"Wewe bwana huna jicho la vitu vizuri!"

"Ninalo, ndiyo maana nimeiona hii ndogo."

Walibishana mpaka koo la mzee likakauka. Kengele ilipolia Bwana Mkadamu alitoa kichwa dirishani akasema mabishano ni mazuri kwa wanaoanza, lakini hayajaiva, warudi Jumatano ijayo. Mzee Shamte alitoka nje akiwa na njaa. Njaa hiyo ya kweli hakuwa ameisikia kwa muda mrefu. Alipofika nyumbani akala, akajikuta anaendelea kubishana na ukuta wa jikoni, na safari hii hakuona ajabu.

* * *

Kuanzia hapo wiki ya Mzee Shamte ikawa na Jumatano, na siku nyingine zikawa za kuisubiri.

Alikuwa akinyoa ndevu Jumanne. Alifikiria hoja akifagia uwanja, akiosha vyombo, akiwa kwenye foleni ya kisimani. Mpini uwe kushoto au kulia. Dhahabu ile ni ya kweli au ni rangi. Shingo ya bata ikijaa vumbi nani ataisugua. Ukweli ni kwamba angeweza kukubali wiki ya pili tu. Bwana Mkadamu mwenyewe alishasema yameiva, wamalize. Lakini mzee kila akitaka kusema "haya, basi," anaona kiti cha mbele yake kitupu, na neno linarudi tumboni. Akishakubali, atapewa koki, aende zake. Jumatano itakuwa kama Alhamisi.

Na Bi Mwanakombo naye alibadilika. Kijitabu kikawa kinakaa mezani kimefungwa. Siku moja katikati ya mabishano akamwambia, "Wewe bwana una shati hilo moja tu?" Mzee akatoka pale na swali moja, je, hilo nalo limo katika mwongozo? Alilibeba wiki nzima. Jumatano iliyofuata akaja na shati jingine, la mistari, lililokuwa sandukuni tangu msiba. Bi Mwanakombo alilitazama tu, akarudi kwenye bata.

Siku nyingine alileta mihogo ya kuchemsha ndani ya kopo, wakala wakibishana. Hapo ndipo mzee alipopata habari zake kidogo kidogo, katikati ya hoja na hoja. Kwamba alipanga chumba kimoja nyuma ya wizara. Kwamba ndugu zake walikuwa mbali. Kwamba bafu lake yeye lilivunjwa kabla ya yote, na halijapata koki mpaka leo, kwa kuwa mfanyakazi wa wizara huchagua mwisho, na mwenza wa serikali hawezi kupewa mwenza wa serikali.

"Sasa unabishana na nani nyumbani?" mzee aliuliza.

"Nabishana hapa kutwa nzima. Nikifika nyumbani nalala."

"Hujanijibu."

"Nimekujibu," alisema, na akaongeza haraka, kwa sauti ya kufika dirishani, "na hiyo koki yako ya kizee nasema siitaki!"

Nawaambia kweli, mimi nimeishi na watu, nimeona ndoa nyingi. Sijaona wawili waliogombana vizuri kama wale.

* * *

Sheria haikuwekwa ili watu wafurahi. Jumatano moja Bi Mwanakombo alikuja bila mihogo. Alikaa, akafungua kijitabu kilichokuwa kimeshasahauliwa, akakishika kana kwamba anasoma.

"Mzee Shamte," alisema kwa sauti ya chini, "nimeitwa juu. Wanasema wenzangu wote koki zinatoka, yangu haitoki. Wanasema mimi ni mwenza mzembe. Leo ikipita bila koki, wananiondoa kazini."

"Watakupeleka wapi?"

"Hawapeleki popote. Wanakuondoa na chumba wanachukua, maana ni cha wizara."

Mzee alijua kosa ni la nani. Mwanamke wa watu anakaribia kutupwa barabarani kwa sababu yeye, mtu mzima mwenye mvi, hataki kwenda nyumbani. Akaona aibu. Akazitazama koki ukutani, ile ndogo aliyoitetea wiki zote hizo, na lile dude la dhahabu.

"Umeshinda," alisema. "Bata maji."

"Mzee, si lazima uchukue hiyo. Mimi naweza kujifanya nimekubali yako."

"Halafu waseme mwenza ameshindwa na mteja? Hapana. Umeshinda wewe. Waandike hivyo." Akainua sauti yake ya stesheni, iliyowahi kutuliza abiria wa treni zisizokuja. "Nimekubali! Koki ya bata maji!"

Kengele ikalia. Karani akaishusha koki ukutani, akaitia ndani ya sanduku. Bi Mwanakombo akafunga kijitabu, akashusha pumzi ndefu. Labda ilikuwa nafuu ya kuokoka, labda uchovu, mimi sijui, lakini ulimi ulimteleza.

"Sasa kwa kuwa yamekwisha, nikwambie," alisema. "Hata mimi ningechukua ile ndogo. Hilo bata linanitisha tangu siku ya kwanza."

Mzee akamkodolea macho. "Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mzee Shamte akaanza kucheka. Alicheka tumbo likauma, akashika meza. Bi Mwanakombo akajaribu kujizuia, akashindwa, naye akaangua. Wakacheka wote wawili mpaka machozi. Kicheko katika Jumba la Koki kilikuwa hakijawahi kusikika. Meza ya jirani ikanyamaza, kisha inayofuata, na wanandoa jumba zima wakageuza shingo kutazama. Katika kimya hicho, dirisha dogo likafunguka.

"Mmekubaliana nini nyinyi?" aliuliza Bwana Mkadamu.

* * *

Kosa lilikuwa zito. Kumbe sheria ya nchi ile ilikuwa na kifungu kuhusu watu wanaojifanya wanapingana huku mioyo yao iko pamoja. Kiliitwa Makubaliano ya Siri, na hakikuwahi kutumika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiria kwamba jambo hilo linaweza kutokea. Baraza la uchunguzi likaitishwa kwa wiki iliyofuata. Waziri wa Koki akasema atakuja mwenyewe.

Mzee Shamte hakuogopa. Niwaambie jambo la ajabu, wiki ile alikuwa na furaha. Alikaa kwenye ngazi za nyumba yake akaligeuza neno lile kichwani, "tangu siku ya kwanza." Kwa hiyo siku zile zote alipodhani anabishana, alikuwa na mtu upande wake. Tangu Bi Zaituni aondoke, hilo ndilo jambo la pekee alilopata ambalo ni lake. Akapiga moyo konde. Wakimwuliza, atasema ndiyo. Atasema mbele ya waziri, kwa sauti ya stesheni, tulikubaliana. Wamfunge wakitaka. Akilini mwake aliona Bi Mwanakombo naye anainua kichwa na kusema hivyohivyo.

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa. Waziri alikuwa mnene, amevaa koti lenye vifungo vyenye umbo la koki. Alisimama, akanywa maji ya chupa, kwa sababu bombani hayakuwepo, akahutubia.

"Ndugu wajumbe, taifa hili limejengwa juu ya kutokubaliana kwa utaratibu. Baba anapingana na mama, jirani na jirani, mtaa na mtaa, na serikali inakaa katikati kuwaamua. Ndiyo kazi yetu. Ndiyo mkate wetu. Leo tunasikia watu wawili, bila kibali, bila kusimamiwa, wameona jambo kwa namna moja. Mtasema ni koki tu. Mimi nawauliza, watu wawili wakikubaliana leo kuhusu koki, kesho watakubaliana kuhusu nini? Keshokutwa watakuwa wangapi?"

Mjumbe mmoja alijifuta jasho. Wengine walitikisa vichwa kwa uchungu.

Waziri akasoma adhabu, ili kila mtu aelewe. Mwenza wa serikali akipatikana na hatia, kazi hana, chumba hana, na mji mkuu asionekane. Wakikana wote wawili, na baraza likiwaamini, basi mwenza atabaki kazini. Ila, kwa kuwa mabishano yao yatakuwa yamekamilika kihalali, hawatakuwa na sababu ya kuonana tena, na serikali itahakikisha hawaonani.

Mzee Shamte alisikia sehemu ya mwisho hiyo kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Hakuwa ameifikiria.

Wakaanza na Bi Mwanakombo. Alisimama na sweta lake la wizara, mikono ameishika mbele.

"Mwanakombo, uliwahi kukubaliana na mzee huyu?"

Hakumtazama mzee. Alitazama ukuta, mahali palipokuwa na picha ya Mtukufu akifungua koki.

"Hapana, mheshimiwa waziri. Sikuwahi kukubaliana naye."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Mzee aliumia. Mimi sitawadanganya kwamba alielewa palepale. Kwanza aliumia, kwa sababu yeye alikuwa amekuja na jibu lake la ndiyo tayari mdomoni. Kisha akaona vidole vya mwanamke yule, vilivyokuwa vinabana sweta kwa nguvu hadi kucha zimepauka. Akafikiria chumba kimoja nyuma ya wizara. Akaelewa kwamba lile jibu lake la ndiyo, alilolipiga pasi wiki nzima, lingemtupa yule mama barabarani ili yeye Shamte abaki na kitu kizuri cha kukumbuka.

"Shamte, na wewe? Uliwahi kukubaliana na mwanamke huyu?"

Alikohoa kidogo.

"Hapana," alisema. "Hatukuwahi kukubaliana. Hata mara moja."

Waziri akageukia baraza, uso umemng'aa. "Mmesikia, waheshimiwa? Hakuna aliyewafundisha, kila mmoja ameulizwa peke yake, na wote wawili wamesema neno lilelile. Ushahidi gani tena mnataka kwamba watu hawa hawakubaliani?"

Wajumbe wakapiga makofi. Bwana Mkadamu, mwenye masikio yote yale, alipiga kuliko wote. Wawili wale walisimama katikati ya kelele, na Bi Mwanakombo akamtazama mzee mara moja, haraka, kabla ya kuongozwa kwenye mlango wa wafanyakazi. Mzee alitolewa kwa mlango wa wananchi, akiwa na sanduku lake mkononi.

* * *

Fundi wa wizara alirudi kama alivyoahidi. Alitoa koki sandukuni, akaipuliza vumbi, akaiingiza katika tundu na kuikaza kwa spana. Kisha akarudi nyuma kuitazama. Bata maji alisimama juu ya beseni, shingo imepinda, mdomo wazi. Fundi akaizungusha kwa mazoea. Hakuna kilichotoka, na hakuna aliyetarajia.

"Imekaa," alisema fundi, akikusanya vifaa vyake. "Mzee, wewe una macho ya fahari."

"Mimi sikuitaka."

"Aha. Basi aliitaka mama."

"Naye hakuitaka."

Fundi akaacha kukusanya vifaa. Alikuwa mtu wa kawaida tu, wala hakutumwa na mtu. "Sasa mlifikaje kwenye hii? Si ina maana kwamba mlikubaliana?"

Mzee Shamte alinyoosha mkono, akaifunga koki.

"Hatukuwahi kukubaliana," alisema, akamsindikiza fundi mpaka mlangoni, akarudi ndani.